Kichwa kinapouma ghafla ukinyanyua vyuma: Lini upumzike, lini ukimbilie hospitali?

Ni seti ya mwisho ya skwati. Mtu anakaza meno, anabana pumzi, anasukuma. Ghafla kisogo kinauma kama amegongwa na kitu. Wenzake jimu wanamwambia: "Uchovu tu huo, kunywa maji, meza Panadol, tuendelee."

Mara nyingi huwa si hatari kweli. Lakini mara chache maumivu ya aina hii huwa ni dalili ya mshipa wa damu uliopasuka kichwani, na hapo kila saa inayopita ni hasara. Shida ni kwamba, mwanzoni, hali hizi mbili zinaweza kufanana kabisa.

Kwa nini vyuma viumize kichwa?

Ukibana pumzi huku unasukuma uzito, presha ya kifuani na tumboni inapanda, na presha ya damu inapanda nayo kwa sekunde kadhaa.

Inapanda kiasi gani? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1985, watunisha misuli watano walipimwa presha moja kwa moja ndani ya mshipa wa mkono. Waliposukuma uzito kwa miguu yote miwili, wastani ulifika 320/250. Mmoja wao alipita 480/350. Presha ya kawaida ya mtu mzima aliyetulia ni karibu 120/80.

Kwa mtu mwenye mishipa mizima, presha hiyo hushuka haraka akishaachia pumzi na kuweka chuma chini. Hatari ipo kwa mwenye mshipa uliovimba kama kiputo kichwani. Wengi walio nao hawajijui, kwa sababu kiputo hicho kinaweza kukaa miaka bila dalili yoyote.

Maumivu yasiyo ya hatari yakoje?

Kuna maumivu ya kichwa yanayoletwa na mazoezi yenyewe. Huanza wakati wa zoezi zito au mara baada ya kumaliza, mara nyingi kichwa kinagonga pande zote mbili, na huisha ndani ya saa 48. Hutokea zaidi kwenye joto kali au sehemu za mwinuko.

Wengine huumwa kwa sababu ya misuli ya shingo iliyokazwa vibaya. Hapo maumivu huja taratibu, na shingo ukiigusa inauma.

Lakini daktari hufikia jibu hilo baada ya kuondoa sababu nyingine. Si jibu la kujipa mwenyewe ukiwa umekaa kwenye benchi la jimu.

Nenda hospitali sasa hivi kama:

• Maumivu yamefika kilele ndani ya dakika moja, au ni makali kuliko yote uliyowahi kupata
• Umezimia, umechanganyikiwa au umepata kifafa
• Unatapika, shingo imekakamaa au mwanga unaumiza macho
• Upande mmoja wa mwili umeishiwa nguvu, mdomo umepinda au maneno hayatoki vizuri
• Unaona vitu viwili viwili, kope moja imelegea, au shingo inauma upande mmoja pamoja na kizunguzungu

Usiendeshe gari wala pikipiki mwenyewe. Usimeze aspirini, kwa sababu inapunguza uwezo wa damu kuganda. Na kama maumivu yamepungua baada ya Panadol, hiyo haimaanishi uko salama.

Ukifika, mwambie daktari saa maumivu yalipoanza na zoezi ulilokuwa unafanya. CT scan ikifanyika ndani ya saa 6 za mwanzo huonyesha damu iliyovuja karibu kila mara. Ukichelewa, damu hiyo inazidi kuwa ngumu kuonekana, na huenda ukahitaji kipimo cha majimaji ya uti wa mgongo. Ndiyo maana ni bora kwenda moja kwa moja kwenye hospitali kubwa yenye mashine hiyo.

Kama maumivu si makali hivyo?

Acha mazoezi siku hiyo. Kama ni mara ya kwanza, muone daktari kabla ya kurudi kwenye vyuma, hasa ukiwa umevuka miaka 40, una presha, au kuna ndugu wa damu aliyewahi kupasuka mshipa wa kichwa.

Akikuruhusu kurudi, pasha mwili moto kwanza, kunywa maji, toa pumzi unaposukuma na ongeza kilo kidogo kidogo. Punguza vinywaji vyenye kafeini nyingi kabla ya zoezi.

Pia pima presha, hata kama unajiona fiti. Presha ya juu mara nyingi haina dalili, na misuli mikubwa haikuzuii kuwa nayo.