Koko wa parsele ya jirani

Mtoto wa mchimbaji analelewa na jirani. Waliokulia Kalembe, pale Masisi inapokutana na Walikale, hawahitaji kuelezwa. Baba anaondoka na sururu yake, anasema wiki mbili, inakuwa miezi minne. Mama anafuata soko, leo Mweso, kesho Pinga. Mtoto anabaki na nani? Sisi tulibaki na Koko.

Hatukumwita jina lingine. Hakuwa ndugu yetu. Hata kabila halikuwa moja, na kwetu, ambako watu wameuana kwa ajili ya kabila tangu 1993, jambo hilo si dogo. Parsele yake ilipakana na yetu upande wa juu. Bwana yake alikuwa mfanyakazi wa kasiterite huko Kalima, Maniema. Bei ya bati ilipoanguka mwaka 1985, alirudi nyumbani na redio moja na kikohozi. Alipokufa, Koko alibaki na ndizi zake, maharage yake, na watoto wa watu wengine.

Tulikula kwake bila kualikwa: bugali, sombe, siku ya bahati samaki wa chumvi. Lakini alikuwa mkali! Ukipita bila kumusalimia, anakuita: "Weye, mutoto ya nani? Rudi kule, upite tena." Unarudi mpaka kwa barabara, unapita tena, safari hii na salamu yako mdomoni. Watu wazima pia aliwarudisha.

Kitu ninachomkumbukia zaidi ni matembezi ya mipaka. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda kupita kiasi kwenye soko la dunia, na wanaume wakatoka nyumba kwa nyumba. Kisha ikafuata Bisie, kule porini Walikale, wengine wakaenda kabla hata ya kurudi. Parsele zikabaki na wamama na watoto. Basi, kila majira ya kupanda, Koko alitukusanya, watoto wa nyumba nne ao tano, akatutembeza kwa mipaka yote. Hapa jiwe. Hapa mti, ule wa majani marefu usiokufa hata ukikatwa. Lazima uuguse kwa mkono. Kisha anauliza: nani aliupanda? Nani alikuwapo siku ile? Ukikosea, ndizi yako anapewa mwenzako.

"Mupaka haina miguu," alikuwa anasema. "Ukiiona inatembea, juwa kuna mutu anaibeba."

Siku moja baba alirudi baada ya mwaka mzima, akakuta maharage ya mtu mwingine ndani ya parsele yetu. Kesi ikafika mbele ya wazee. Koko alisimama na fimbo yake, akataja mti kwa mti, na waliokuwapo wakati wa kupanda. Baba alishinda, ila si kila kitu: alikuwa ameongeza hatua tatu juu ya zile zake, na Koko akasema wazi kwamba zile tatu si zake. Siku mbili baba hakumusalimia. Siku ya tatu alimpelekea chumvi kilo moja.

Wenye kusoma sheria watasema hiyo si karatasi. Ni kweli. Sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973 inasema ardhi yote ni ya Serikali, na kipengele cha 389 kiliahidi kwamba haki za wanakijiji juu ya ardhi zao zitapangwa na ordonansi ya Rais wa Jamhuri. Watu walizaa na kuzika wakiingojea. Mchimbaji ana karte yake ya mwaka mmoja, shimo lina pedeje wake. Parsele ya kijijini ina nani? Yetu ilikuwa na yule mama.

Vita ilipoingia tena Kalembe, Oktoba 2024, watu walikimbia na magodoro na sufuria. Koko alibebwa mgongoni. Alifariki ukimbizini, na wale waliomzika hawakuwahi kugusa hata mti mmoja wa kwetu.

Sasa watoto wa zile nyumba tunapigiana simu usiku, mmoja Rubaya, wengine Goma, mwingine Kampala. Tunatajiana mipaka, na kaka yangu anaandika kwa daftari. Mingi tunakubaliana. Tunabishana juu ya mti mmoja tu, wa chini karibu na njia ya maji: mimi ninasema ulipandwa na baba, mwenzangu wa Rubaya anasema ni babu yake. Hatujagombana bado.

Ila yule mzee wa parsele ya chini yuko hai. Ni yeye aliyegombana na Koko kila mara juu ya mbuzi. Anaishi kwa binti yake hapa Goma, macho yamechoka lakini kichwa kizima. Nilipomtajia ule mti kwa simu, alicheka sana, akasema siku ile walipoupanda mvua iliwapiga wote, na Koko ndiye alishika kamba. Hakutaka kuendelea kwa simu. Jumapili tunaenda kwake na sukari, na daftari.