Maji Kwanza, Samaki Baadaye: Samaki wa Tanganyika Sebuleni

Anayetaka kufuga samaki wa mapambo mara nyingi huanza kwa kumpenda samaki dukani, kisha ndipo akafikiria maji, ilhali utaratibu unaofaa ni kinyume chake, hasa kwa sikilidi wa Ziwa Tanganyika, ndugu wa sato na perege, wanaosafirishwa hadi Ulaya na Marekani kupamba nyumba za watu. Maji ya ziwa hilo ni magumu, yaani yana madini mengi yaliyoyeyuka, na pH yake, kipimo cha asidi ambacho 7 ndiyo katikati yake, hukaribia 9. Ndiyo maana tangi lao hutandikwa mchanga wa matumbawe na kupangwa mawe ya chokaa, yanayosaidia kuyadumisha maji katika hali hiyo, wala haliwekwi magogo, ambayo hutoa asidi.

Tangi la sentimita 80 kwa 35 kwa 40 hubeba lita 112, yaani kilo 112 za maji peke yake, kwa hiyo linahitaji meza imara. Hita ni ya lazima Nairobi au Arusha, kwenye usiku wa baridi. Dar es Salaam, ambako adui ni joto, feni ndogo ipulizayo juu ya maji hufaa zaidi.

Kifaa kisichostahili kubaniwa fedha ni chujio, kwa kuwa kazi yake kuu si kunasa uchafu bali kuwapa makazi, katika matundu ya sifongo, bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na samaki wenyewe na mabaki ya chakula, kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na hatimaye nitrati, yenye madhara madogo na inayopunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hao huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kustawi, muda ambao tangi huendeshwa bila samaki huku likitiwa amonia kidogo ya kuwalisha. Subira hiyo ina sababu nzito: katika nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia katika umbo lake la sumu kali, lakini yakifika pH 9 sehemu hiyo huzidi theluthi moja.

Kwa tangi la ukubwa huo, chaguo bora ni Neolamprologus multifasciatus, ambaye dume lake halizidi sana sentimita 4, na ambaye huishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Huchota mchanga kwa kinywa na kuutema kando, hata gamba likazama na kubaki tundu tu, ambamo baadaye vichwa vya vitoto huchungulia. Samaki 8 wakipewa magamba 20 huishi vizuri. Tropheus duboisi, ambaye akiwa mchanga ni mweusi mwenye vidoadoa vyeupe vinavyomvutia kila mnunuzi, aachwe: ni mgomvi, huhitaji kundi kubwa na lita zaidi ya 300, na utumbo wake mrefu umeumbwa kwa mwani, hata chakula cha nyama humvimbisha tumbo.

Samaki waliosafiri mbali wafunguliwe mfuko kwa uangalifu, kwa sababu hewa ya ukaa waliyoitoa njiani hushusha pH na kuipunguza makali amonia iliyojikusanya, ila mfuko ukifunguliwa hewa hiyo hutoroka, pH hupanda na sumu huamka. Mfuko uelee ukiwa umefungwa mpaka joto lilingane, kisha samaki wahamishwe kwa wavu mara moja, na maji ya mfukoni yamwagwe nje.