Fahirisi ya Hisa Si Mizani ya Hali za Watu

Takriban kila usiku redio hutangaza kuwa fahirisi ya Dow Jones ya New York imepanda au imeshuka kwa pointi kadhaa. Wasikilizaji wengi hudhani kuwa taifa la Marekani limetajirika au limefilisika tangu asubuhi. Tunaona ni wajibu wetu kuieleza hesabu hiyo, kwani masoko ya hisa ya Dar es Salaam na Nairobi nayo yana fahirisi zake, na wananchi wa Visiwani pia wanaalikwa kununua hisa.

Anayetaka kujua kama bei ya samaki imepanda Darajani hana haja ya kuuliza bei ya kila fungu. Huchagua samaki wachache, kama changu, nguru na jodari, akajumlisha bei zao, akagawa kwa idadi yao, kisha akalinganisha na jana. Ndivyo alivyofanya Charles Dow. Tarehe 26 Mei, 1896, fahirisi yake ilitolewa kwa mara ya kwanza: bei za hisa za kampuni kubwa 12 zilijumlishwa, zikagawanywa kwa 12, ikapatikana 40.94. Tangu mwaka 1928 kampuni hizo ni 30.

Hesabu ni nyepesi, lakini ina kasoro. Kampuni yenye hisa za bei kubwa huivuta fahirisi zaidi, hata kama thamani yake yote ni ndogo kuliko ya wenzake. Mwezi Agosti 2020 kila hisa moja ya kampuni ya Apple iligawanywa kuwa nne. Kampuni haikupungukiwa na mali yoyote kwa tendo hilo, ila nguvu yake ndani ya fahirisi ilishuka ikabaki takriban robo. Ili mgawanyo wa namna hiyo usiiangushe fahirisi yenyewe, wakokotoaji hubadilisha namba ya kugawia. Fahirisi ya S&P 500, iliyoanza mwaka 1957, hufuata njia nyingine: kila kampuni hupewa uzito kwa kadiri ya thamani ya hisa zake zote zilizomo sokoni. Humo wakubwa mno ndio wanaosikika, na sauti za wadogo humezwa.

Zaidi ya hayo, orodha ya kampuni haikai vile vile. Inayodhoofika hutolewa, na yenye nguvu huingizwa. General Electric, iliyokuwamo katika zile 12 za awali, iliondolewa mwaka 2018. Basi anayetazama safari ndefu ya kupanda kwa fahirisi na akumbuke kuwa walioanguka njiani hawahesabiwi tena.

Hatusemi kuwa kipimo hiki hakina faida. Tarehe 19 Oktoba, 1987, Dow Jones ilipoporomoka kwa zaidi ya asilimia 22 kwa siku moja, ulimwengu mzima ulipata habari ya hofu iliyowashika wenye mitaji. Lakini habari hiyo ni ya wenye hisa. Mwezi Aprili 2020, wakati wa maradhi ya korona, zaidi ya asilimia 14 ya nguvu kazi ya Marekani haikuwa na ajira; mwezi huo huo S&P 500 ilipanda kwa zaidi ya asilimia 12. Wanunuzi wa hisa walikuwa wakitazama faida ya kesho, ilhali mfanyakazi aliyeachishwa alitafuta chakula cha leo.

Kwa hiyo tunawanasihi wakuu wa serikali wasiifanye fahirisi ya hisa, iwe ya ng'ambo au ya hapa kwetu, kuwa ushahidi wa neema ya umma. Na mwananchi anayetaka kununua hisa aulize kwanza: ni kampuni zipi zinazohesabiwa, zinapewa uzito gani, na nani anayezichagua? Bei ya mnadani ikipanda, hatujui bado kama mvuvi naye amekula.