Ndege za Wahindi wa Kale: Hadithi au Mitambo?

Ndugu msomaji, wiki hii nina deni la kulipa. Nilipokuwa mtangazaji chipukizi, nilisoma hewani habari fupi niliyoikata kwenye jarida moja. Ilisema kwamba Wahindi wa kale walikuwa na ndege miaka 7,000 iliyopita, na kwamba maelezo ya kuziunda yamo katika vitabu vya Kisanskriti. Niliisoma kwa sauti ya uhakika, kama mtu asomaye matokeo ya mpira.

Siku chache baadaye ikaja barua ya mwalimu mmoja mstaafu. Alikuwa na swali moja tu: "Mwanangu, kitabu hicho kiliandikwa mwaka gani?" Sikuwa na jibu. Barua nikaitia katika mtoto wa meza, lakini swali lake halikuniacha. Leo najibu.

Tuanze na neno lenyewe, vimana. Katika Kihindi cha leo, viman ni ndege, hii hii tunayoijua. Lakini zamani neno hilo lilibeba maana kadhaa. Mnara ulio juu ya chumba kitakatifu cha hekalu huko India ya kusini huitwa vimana hadi sasa. Jumba la kifalme liliweza kuitwa hivyo, na gari la miungu lipitalo angani pia. Basi mtu akiliona neno hilo katika andiko la kale, na papo hapo akafikiria injini na rubani, ameshateleza.

Chombo kinachojulikana zaidi ni Pushpaka, kilichomo katika Ramayana, utenzi mkubwa unaohesabiwa kuwa wa Valmiki. Wataalamu wengi hukadiria kwamba ulitungwa kwa hatua, kuanzia karne chache kabla ya Kristo. Pushpaka kiliundwa na Vishvakarma, fundi wa miungu. Kikamilikiwa na Kubera, mungu wa mali, kisha Ravana, mfalme wa Lanka, akamnyang'anya ndugu yake huyo wa baba mmoja. Rama alipomshinda Ravana na kumkomboa mkewe Sita, alirudi naye Ayodhya kwa chombo hicho, akimwonyesha nchi iliyokuwa chini yao. Kurudi huko ndiko Wahindu wengi hukukumbuka kwa taa za Diwali, hata katika miji yetu kama Dar es Salaam na Mombasa.

Lakini hebu tuulize: Pushpaka kiliendaje? Utenzi unasema kiliipata njia yake kwa nia ya mwenye nacho, na mahali pengine kinaelezwa kuwa kilivutwa na ndege wa majini mfano wa mabata. Hakuna mafuta wala usukani. Mtunzi alikuwa akisimulia utukufu, hakuwa akifundisha ufundi. Katika Mahabharata nako mna Saubha, mji mzima uliopaa angani chini ya mfalme Shalva mpaka Krishna akauangusha.

Hata kwetu, nani hajasikia habari za wachawi wasafirio usiku kwa ungo? Lakini sijapata kumwona mtu aliyekwenda kwa msusi wa nyungo kumwomba ramani ya injini.

Katika karne ya 11 ndipo tunapokutana na kitu kinachokaribia ufundi. Mfalme Bhoja wa Dhara, katika India ya kati, anatajwa kuwa mwandishi wa Samarangana Sutradhara, kitabu cha ujenzi na mipango ya miji. Katika sura inayohusu mitambo, beti chache zinaeleza ndege wa mbao nyepesi, mwenye moto na chombo cha zebaki tumboni. Lakini hatajwi mtu aliyempanda siku fulani mahali fulani. Zaidi ya hayo, mwandishi anasema ameficha maelezo kamili kwa makusudi, si kwa kutojua. Fundi akikuambia hivyo, ndugu yangu, usimlipe kabla hujakiona chombo kinaruka.

Basi kile kitabu chenye mafunzo ya kuunda ndege kimetoka wapi? Kinaitwa Vaimanika Shastra, na husemwa kuwa ni cha Bharadvaja, mwenye hekima wa enzi za kale mno. Ukweli ni kwamba maneno yake yalisemwa kwa imla na Pandit Subbaraya Shastry kati ya 1918 na 1923, naye alidai kwamba yalimjia kwa njia ya kiroho kutoka kwa Bharadvaja. Michoro yake ilichorwa Bangalore mwaka 1923. Tafsiri ya Kiingereza ilichapishwa mwaka 1973.

Mwaka uliofuata, wataalamu watano wa uhandisi katika Taasisi ya Sayansi ya India, hapo hapo Bangalore, walikichunguza. Walikuta kwamba Kisanskriti chake ni chepesi na cha siku za karibuni, hakifanani na kile cha Veda. Walipopima maumbo na uzito wa vyombo vyake vinne, hawakukuta hata kimoja kiwezacho kuruka. Walihitimisha kwamba maandishi hayo hayawezi kuwa ya kabla ya 1904. Kumbuka kwamba Wright na nduguye waliruka Marekani tarehe 17 Desemba 1903, kwa sekunde 12 katika safari ya kwanza.

Utauliza: hadithi ikiaminiwa, nani anaumia? Januari 2015, katika Kongamano la Sayansi la India mjini Mumbai, ilisomwa mada iliyodai kwamba ndege za kale zilisafiri kutoka sayari hadi sayari. Wanasayansi wengi wa India walikasirika, na walikuwa na haki. Nchi yao ni ya Aryabhata, ambaye mwaka 499 aliandika kwamba dunia hujizungusha. Ni ya Brahmagupta, ambaye mwaka 628 aliweka kanuni za hesabu za sifuri. Chombo chao kilifika kwenye mzunguko wa Mirihi mwaka 2014, na kingine kikatua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi mwaka 2023. Sifa ya uongo huitia shaka sifa ya kweli iliyo kando yake, na mtoto anayeambiwa kwamba babu zake walishavumbua kila kitu hana sababu ya kukaa na kitabu cha hesabu usiku.

Ramayana haipungukiwi na kitu kwa kuitwa utenzi. Mtu aliyeweza kuiona nchi kutoka juu kabla ya binadamu yeyote kuruka alikuwa na kipaji kinachostahili heshima yake yenyewe.

Ama kuhusu mwalimu wangu, jibu ni hili: kitabu kile kiliandikwa kati ya 1918 na 1923, Mwalimu. Nilikosea, na msomaji aliyenisikia siku ile namwomba radhi. Nawe ukiletewa habari ya ajabu, iwe ya India, Misri au ya hapa nyumbani, muulize aliyeileta swali lile lile. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.