Je, Wajua? Injini ya Boti Huweza Kuungua kwa Kukosa Maji

Ukiwasha injini ya boti nchi kavu, impela yake ya mpira, inayovuta maji ya kupoza, yaweza kuharibika kwa dakika chache tu! Maji ndiyo huilainisha.

Katika bwawa la Kiambere, lililoko kwenye mto Tana mpakani mwa Kitui na Embu, tope la mafuriko huisaga impela. Fundi makini hutazama kwanza mchirizi wa maji unaotoka kando ya injini. Ukififia, huzima mara moja.

Injini hukwama pia kwa umeme: starta ikigonga “tk” na kunyamaza, betri isilaumiwe upesi. Fungua ncha za nyaya: ukungu wa kijani kwenye shaba ni kutu, nao huzuia umeme.

Wakulima wa Makueni wanaovuta maji ya mto Athi wahadhari pia: pampu ikivuta hewa, sili yake inayozuia maji kuvuja huungua.