Cheti Peke Yake Hakitoshi

Kijana amemaliza masomo, amepata cheti, ameingia kazini. Mikono yake yaijua kazi. Lakini akiitwa kusema mbele ya wakubwa, ulimi wafungwa, akikosolewa, hununa. Nani atamfundisha hayo? Sisi twasema: wenzake wa kazi. Tutoe mfano wa Marekani.

Katika mji wa Rochester, jimbo la New York, ndipo ilipoanzishwa kampuni ya Xerox, inayotengeneza mashine za kunakili maandiko. Mwezi wa Julai 1964 palitokea machafuko makubwa mjini humo, kwa kuwa watu weusi walikuwa wamechoka kukosa kazi na nyumba njema. Bwana Joseph Wilson, mkuu wa kampuni, akaona ni lazima kuwafungulia mlango. Wakaajiriwa.

Lakini kupita mlangoni si kukaribishwa barazani. Mambo mengi ya kazi hayakuandikwa po pote: namna ya kumwendea mnunuzi, namna ya kutoa shauri mkutanoni, namna ya kujua ni cheo gani kilicho wazi. Wazungu waliambiana wao kwa wao, weusi hawakuambiwa.

Basi wakaanza kukutana baada ya kazi, hata majumbani mwao. Walijizoeza kuuza: mmoja husema kana kwamba yu mbele ya mnunuzi, wengine humsikiliza na kumsahihisha. Aliyetangulia alimvuta aliye nyuma. Tena waliwaendea wakubwa kwa umoja, wakawaeleza malalamiko yao. Mwaka 1970 walikuwa na chama cha nchi nzima, naye Bwana Wilson alikiunga mkono. Leo kampuni nyingi zina vyama vya namna hiyo, vya wanawake, vya askari wa zamani na vya wengineo.

Mwaka 2009 Bibi Ursula Burns, mwanamke mweusi aliyeingia Xerox mwaka 1980 kama mwanafunzi wa muda, alifanywa mkuu wa kampuni nzima. Hatusemi kwamba chama ndicho kilichompandisha. Bidii ni yake. Lakini alipita katika njia iliyokwisha kufyekwa na wengine.

Nasi je? Chama cha kazini si mahali pa kusengenya wala pa kumficha mvivu. Watu watano wa ofisi moja waweza kukutana saa moja kila juma: mmoja aeleze kazi yake, wanne wamsahihishe kwa upole. Anayekubali kusahihishwa na ndugu zake hatatetemeka mbele ya mkubwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.