Karafuu za Kanyakumari



Sote twajua kuwa India ni mmoja wa wanunuzi wakubwa wa karafuu zetu. Lakini si wengi wajuao kuwa huko nako hulimwa karafuu, na sehemu ijulikanayo sana kwa zao hilo ni wilaya ya Kanyakumari, iliyo kwenye ncha ya kusini kabisa ya nchi hiyo upande wa bara.

Wilaya hiyo ni ndogo, yapata kilomita za mraba 1,670, na makao yake makuu ni Nagercoil. Hesabu ya mwaka 2011 ilipata watu 1,870,374. Wengi husema Kitamil, na wengine Kimalayalam, kwani zamani nchi hiyo ilikuwa ya wafalme wa Travancore. Ikatiwa katika jimbo la Madras, ambalo sasa ni Tamil Nadu, mwaka 1956. Watu wa pwani ni wavuvi na wenye minazi. Milimani iko mipira na mikarafuu, ambayo hupata mvua za kusi na za kaskazi pia.

Mwaka 1741, hapo Colachel, Mfalme Marthanda Varma aliwashinda Waholanzi, ambao ndio waliokuwa wakihodhi karafuu za Maluku.

Mwaka 2021 jina la karafuu za Kanyakumari liliandikishwa kisheria, asije mtu akauza nyingine kwa jina hilo. Sifa yake ni wingi wa mafuta.

Basi tuzingatie: jina jema ni mali. Anayechanganya makonyo au kupeleka karafuu mbichi hajipunji peke yake, hutupunja sote.